Ng'ombe, Kiboko na Zimwi: Marudio Mafupi kwa Wanaoandika Hadithi



Katika kusahihisha insha za muhula huu nimekutana tena na sentensi ninayoifahamu tangu utoto wangu: "Ng'ombe yetu ilikuwa inakula." Aliyeiandika si mgeni wa Kiswahili. Amezaliwa Rumonge, anakisema kila siku sokoni na mwaloni. Kinachomponza ni Kirundi. Katika Kirundi mnyama hufuata ngeli ya jina lake, ndiyo maana tunasema imbwa zanje. Kiswahili sanifu huuliza kwanza kama kinachotajwa kina uhai. Kikiwa nao, awe mtu, ndege, samaki au mdudu, umbo la jina huwekwa kando na upatanisho huwa wa A-WA: ng'ombe anakula, viboko wawili wameonekana, mikeke watatu wameuzwa. Najua wengi mtaandika "mikeke mitatu imeuzwa" kwa sababu ya ile mi-. Lakini mitume nao wana mi-, na hakuna asemaye "mitume imefika".

(Vimilikishi vina ukaidi wake: rafiki yangu amefika, dada zetu wamefika. Hayo tuyakariri tu.)

Sasa linganisheni: "Kiboko kimekatika" na "Kiboko amekasirika." Wa kwanza ni mjeledi, wa pili ni mnyama wa ziwani. Jina ni lile lile. Kiambishi ndicho kinachotuambia tukimbie au tusikimbie.

Hapo ndipo sarufi inapokutana na tamathali za usemi. Tukisema "Ziwa limekasirika" tumetumia tashihisi: kitenzi ni cha binadamu, lakini li- imebaki, na msomaji anajua kwamba bado ni maji. Ukiandika "Ziwa akakasirika, akamwita Upepo", umekwenda mbali zaidi. Ziwa limekuwa mhusika. Katika hadithi ninakubali njia zote mbili, mradi uliyoichagua uishikilie. Insha moja ilianza na li-, ikahamia a- katika aya ya pili, kisha ikarudi li-, nami sikujua tena kama ninasoma juu ya mhusika au mandhari.

Zimwi ni kinyume chake. Lina kinywa, linasema, linakula watu, na bado twasema "zimwi likacheka". Hata methali haikulipa a-: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa masikio yangu, li- hiyo hulibakiza nje ya jamii ya watu. Vivyo hivyo "kijizee kile kikaondoka" humshusha mtu hadhi, ilhali mama akisema "kitoto changu kimelala", ki- ile ile imejaa mapenzi.

Msuko na dhamira tumevijadili darasani. Mandhari bado yanawashinda. Mmoja wenu ameandika kwamba usiku wa mbalamwezi kali wavuvi walijaza mitumbwi dagaa, hao tunaowaita ndagala. Sarufi yake haina kosa hata moja. Lakini dagaa huvutwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu; siku hizo wavuvi wengi hupumzika. Msomaji wa Rumonge ataiweka hadithi chini hapo hapo.

Limebaki swali mnaloniuliza kila mara: mvuvi katika hadithi akisema "samaki yangu imeisha", je, ni kosa? Mwacheni aseme. Ndiyo sauti yake, na wengi wenu mtakwenda kufundisha watoto wanaoongea hivyo hivyo; ukimwambia mtoto kwamba hajui Kiswahili, hatafungua kinywa tena darasani kwako. Anayebanwa na usanifu ni msimulizi, isipokuwa kama msimulizi mwenyewe ndiye mvuvi huyo, katika nafsi ya kwanza. Ndani ya alama za kunukuu, kalamu yangu nyekundu haiingii.