Kompyuta ya mtumba na sauti inayochelewa studioni

Malalamiko huja kwa simu, siku mbili tatu baada ya mzigo kuvuka mpaka. Prodyuza wa Bukoba aliyeuziwa kompyuta mpakato ya mtumba iliyotoka Kampala anasema mashine ni mbovu. Inawaka, inafungua kila kitu, lakini msanii akivaa hedifoni na kuanza kuimba, sauti yake inamrudia ikiwa imechelewa, kama mtu anayeita bondeni. Akijaribu kurekebisha, biti inakwaruza. Anataka fedha zake.

Mara nyingi mashine hiyo haina ubovu wowote. Tatizo ni mpangilio wa mfumo endeshi. Kwa anayefanya biashara ya kompyuta zilizotumika kati ya Nairobi, Arusha, Kampala na Kigali, kuujua mpangilio huo ndiko kunakoamua kama kitakachorudi ni mzigo au ni mteja.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta nyingi za maofisini zilizoishia kwenye maduka ya mitumba ni za kizazi cha sita na cha saba. Zina nguvu ya kutosha kurekodi wimbo, lakini kwa mujibu wa masharti hayo haziwezi kupanda daraja. Hapo ndipo Linux, mfumo endeshi huria usiolipiwa leseni, unapokuwa na maana ya kibiashara.

Kwanza ieleweke kwa nini sauti huchelewa. Kompyuta haipitishi sauti tone kwa tone. Huikusanya katika bafa, ambayo ni kama ndoo ndogo. Ikijaa ndipo inamwagwa. Katika kurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ndoo ya sampuli 1,024 hujaa kwa milisekunde 21. Ndoo ya 256 hujaa kwa milisekunde 5 na ushei, na ya 128 kwa chini ya 3. Sauti ya mwimbaji hupita ndoo mbili, ya kuingia na ya kutoka, hivyo hesabu hizo ziongezwe walau mara mbili.

Hewani sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Kuchelewa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, jambo ambalo mpiga gitaa wa jukwaani hulivumilia kila siku. Mwimbaji mwenye hedifoni husumbuka mapema zaidi, kwani anasikia sauti yake ndani ya kichwa na ile ya hedifoni kwa wakati mmoja. Ukiitaja milisekunde 40, hapo hakuna kazi tena.

Dawa inaonekana rahisi: punguza ndoo. Lakini ndoo ndogo inahitaji prosesa iwahi kuimwaga kila mara bila kukosa. Ikichelewa kidogo kwa sababu inashughulika na Wi-Fi au kuhifadhi faili, ndipo mikwaruzo inapotokea.

Hapa kiini cha mfumo kinahusika. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, na haikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Kwa takribani miaka 20 wataalamu, wakiwamo Thomas Gleixner na Ingo Molnar, walifanya kazi iitwayo PREEMPT_RT ili shughuli ya haraka iweze kuikatiza nyingine bila kusubiri. Toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024, ndilo la kwanza la kiini kikuu kubeba uwezo huo. Kabla ya hapo aliyeutaka alilazimika kuubandika mwenyewe, na hadi leo kuna mafundi wanaomwambia kila mwenye studio kwamba lazima ajengewe kiini chake. Kwa studio ya kurekodi sauti na gitaa, huko ni kupoteza siku nzima. Ndoo ya 256, au hata 128, hufikiwa kwa mpangilio wa kawaida uliowekwa vizuri.

Kwa mteja asiyetaka kuhangaika, chaguo la kwanza ni Ubuntu Studio, toleo la LTS. Hutoka kila baada ya miaka miwili na kuhudumiwa kwa miaka mitatu, likiwa tayari na programu za kurekodi kama Ardour, na mtumiaji tayari ana ruhusa ya kuipa sauti kipaumbele. Fedora Jam nayo ni nzuri, lakini Fedora hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi; mwenye studio anayenunua bando kwa siku hatafurahia masasisho hayo. AV Linux, iliyojengwa juu ya MX Linux, inafaa zaidi kwa aliyekwisha kuzoea.

Wanaokumbuka usumbufu wa zamani watauliza kuhusu JACK, mtambo wa sauti ulioanzishwa na Paul Davis, mwasisi wa Ardour. Uliwahisha sauti kweli, lakini mara nyingi ulipowashwa programu nyingine zilinyamaza. PipeWire, kazi ya Wim Taymans, imeziunganisha pande hizo mbili. Fedora iliifanya mtambo wake wa kawaida wa sauti mwaka 2021, na Ubuntu ikafuata.

Kadi ya sauti ni habari nyingine, na hapa ndipo fedha hupotea. Inunuliwe ile ya USB isiyohitaji draiva ya kampuni. Nyingi za familia ya Focusrite Scarlett na Behringer U-Phoria hutambuliwa na Linux zikichomekwa tu. Kadi inayokuja na diski ya draiva ya Windows pekee iachwe dukani, hata kama bei inavutia.

Kuna mteja ambaye hapaswi kuuziwa mfumo huu: yule ambaye kazi zake zote ziko ndani ya FL Studio. Programu hiyo haina toleo la Linux, na kumwahidi kwamba “itakubali tu” ni kujitafutia simu ya malalamiko. Anayetumia Reaper au Bitwig hana shida, kwani zote mbili zina matoleo ya Linux, ingawa si za bure.

Mfumo wenyewe hushushwa bure mtandaoni, na leseni zake zinaruhusu kunakili na kugawa. Ni mashine inayopita forodha. Na isisahaulike kwamba cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kompyuta ya mtumba kutoka ng’ambo haimo.

Faida kubwa kwa mnunuzi wa jumla iko kwenye flashi ya gigabaiti 16 yenye Ubuntu Studio. Mashine huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo pale pale dukani, bila kugusa diski ya muuzaji. Kadi ya sauti huchomekwa, ndoo huwekwa 256, Wi-Fi huzimwa, chaja huunganishwa, kisha mtu anaimba dakika kumi huku akisikiliza mikwaruzo. Ikiwa kompyuta inadai nywila ya BIOS kabla ya kukubali flashi, na muuzaji haijui nywila hiyo, irudishwe rafuni kabla bei haijajadiliwa.