SIMU WAKATI WA LIKIZO: MITANDAO YA KIJAMII NA KIJANA WA SEKONDARI

Shule za sekondari za bweni mjini Songea, kama zilivyo nyingine nchini, haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kijana huishi miezi kadhaa bila mtandao, kisha shule zifungapo hurejea kwao Mbinga, Namtumbo au Tunduru na kuikuta simu ya kaka, kifurushi kimekwisha nunuliwa. Yaliyokatazwa muhula mzima humjia kwa mkupuo mmoja, na aghalabu hapana mtu aliyemweleza jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi.

Mitandao ya kijamii, kama vile Facebook iliyoanza mwaka 2004 na Instagram iliyofuata mwaka 2010, haimlazimu mtumiaji kulipa ada. Mapato yake hutokana hasa na matangazo ya biashara, nalo tangazo halina faida pasipo mtu wa kulitazama. Kwa hiyo kompyuta za kampuni huhesabu kila picha aliyoikawilia mtumiaji na kila video aliyoiruka, kisha humpangia nyingine zinazokisiwa kumvuta zaidi. Watu wawili walioketi benchi moja katika stendi ya Songea hawaoni mambo yale yale, ijapokuwa wamefungua mtandao ule ule.

Kinachomshika mtazamaji zaidi ni kutojua picha ijayo itakuwaje. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa majaribio ya panya na njiwa kwamba mnyama anayepewa chakula kila abonyezapo kitufe huacha upesi chakula kinapokoma. Yule anayepewa mara moja moja, pasipo utaratibu wa kutabirika, huendelea kubonyeza kwa muda mrefu. Mvuvi wa ndoano wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, analijua jambo hili: lau samaki wangekuja kwa saa maalumu, saa nyingine zote angekuwa nyumbani. (Kwenye simu, hata hivyo, si rahisi kusema nani mvuvi na nani samaki.)

Kijana hushikwa kwa urahisi zaidi kwa sababu sehemu za ubongo zinazohusika na tuzo huchangamka mapema, ilhali sehemu ya mbele, yenye kazi ya kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha jaribio la vijana wa miaka 13 hadi 18 walioonyeshwa picha wakiwa ndani ya mashine ya kuchunguza ubongo. Kila picha iliambatana na idadi ya watu walioipenda, lakini idadi hiyo ilikuwa imetungwa na watafiti wenyewe. Picha zilizodaiwa kupendwa na wengi ziliamsha zaidi sehemu za tuzo, nao vijana walielekea kuzipenda, hata zilipoonyesha sigara au pombe.

Isidhaniwe kwamba madhara yamethibitika kwa kila kijana. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Uingereza walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakaona kwamba matumizi ya vyombo hivi yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Lakini wastani huficha mengi, kama ajuavyo kila mwalimu: darasa lenye wastani wa alama 50 laweza kuwa na aliyepata 90 na aliyepata 10.

Anayenufaika yupo. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Mwanafunzi ambaye maabara ya shule yake haina kemikali aweza kutazama jaribio zima likifanywa, akafungua vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania katika maktaba yake ya mtandaoni, na kukokotoa mitihani iliyopita pamoja na wenzake walio wilaya nyingine.

Hasara iliyo wazi zaidi ni ya usingizi. Kijana wa rika hilo huhitaji saa 8 hadi 10, nao mwili wake hutoa melatonini, homoni ya usingizi, kwa kuchelewa kuliko wa mtu mzima. Simu humwongezea kuchelewa huko hadi saa nane usiku, kisha shule zifunguliwapo kengele ya alfajiri haimngojei.

Hatari nyingine hutokea kwa wachache lakini ni kali: picha ya faragha kugeuzwa silaha ya kumtishia aliyeituma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Mwenye kutishiwa asilipe wala asifute ujumbe, kwani ndio ushahidi. Amweleze mtu mzima anayemwamini, apige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, au aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Mwalimu wa biolojia au hisabati aweza kutoa zoezi la likizo. Kila mwanafunzi aandike kwa siku 14 saa aliyoiacha simu, saa aliyolala na aliyoamka, na alichokuwa akifanya: kuzungumza na anaowajua, kusoma, au kupitisha picha tu. Shule zifunguliwapo, darasa lichore grafu bila majina. Asiye na simu aandike vilevile, kwani ndiye atakayeonyesha usingizi wa kijana huwaje simu isipokuwapo.