Mlango Mmoja wa Maombi: Kuweka Kipimo Mahali Ambapo Skripti Haifiki

Vyama vingi vya ushirika siku hizi hufanya mahesabu yake kwa kompyuta, wala si ajabu kumkuta mtunza vitabu akiandika skripti fupi ya kuchota bei za mazao kutoka katika tovuti, badala ya kuzinakili kwa mkono kila asubuhi. Kazi hiyo ni njema. Lakini skripti ya mistari mitano, ikikosewa katika mstari mmoja tu, yaweza kutuma maombi maelfu kwa dakika chache, na seva inayoyapokea haina njia ya kujua kwamba hayo ni makosa ya mtu anayejifunza. Huona anwani tu. Pale ambapo ofisi nzima hutumia laini moja ya intaneti, kompyuta zote kwa kawaida huonekana kwa nje kama anwani moja. Mlango ukifungwa, hufungwa pia kwa karani wa meza ya pili aliyekuwa akituma malipo ya wakulima.

Mwaka 2012 jibu la seva iliyozidiwa lilipewa namba yake rasmi, nayo ni 429. Pamoja na namba hiyo seva yaweza kutaja idadi ya sekunde ambazo mwombaji hana budi kungoja. Wapo wanaodhani yatosha kumwagiza mwandishi wa skripti aisome namba hiyo na kuitii. Haitoshi. Mwandishi husahau, na hata asiposahau, skripti mbili zilizoandikwa na watu wawili hazijuani, kila moja huhesabu maombi yake na kujiona haina kosa. Kwa hiyo kipimo chapasa kukaa katika programu mwenyeji, yaani ile programu inayoiendesha skripti, mahali ambapo mwandishi hawezi kukigusa.

Lugha ya Lua yaonyesha vizuri jinsi jambo hili linavyofanyika. Ilitungwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazil, na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Jina lake kwa Kireno ni mwezi. Ilizaliwa kutokana na lugha mbili ndogo zilizotumiwa na wahandisi wa shirika la mafuta la Petrobras, watu ambao taaluma yao haikuwa kuandika programu. Ndiyo maana mtunza vitabu naye huizoea upesi. Lililo muhimu zaidi hapa ni kwamba Lua, kama ilivyo, haina amri yake yenyewe ya kwenda katika intaneti. Skripti hutoka kwa mlango ule tu iliofunguliwa na mwenyeji.

Mlango huo ni amri iliyoandikwa kwa lugha ya C na kusajiliwa kwa jina, mathalani «leta». Skripti inapoita «leta» pamoja na anwani ya ukurasa, Lua huiweka anwani hiyo juu ya rundo ambalo pande zote mbili hulifikia. Upande wa C huisoma, hufanya kazi yake, huweka majibu juu ya rundo hilo hilo, kisha hutamka ni majibu mangapi yaliyorudishwa. Mwandishi wa skripti haoni lolote kati ya hayo.

Ndani ya amri hiyo ndimo kipimo kinamokaa, na njia iliyozoeleka ni ndoo ya vibali. Tuseme ndoo yaingia vibali 10, na kila sekunde huongezwa vibali 2. Ikijaa, vinavyozidi hupotea. Kila ombi hula kibali kimoja, na ndoo ikiwa tupu ombi hungoja. Skripti ikitaka kurasa 100 kwa mkupuo, 10 za kwanza hutoka papo hapo, na 90 zilizosalia hufuata kwa muda wa sekunde 45. Ndoo iwe moja kwa kila seva inayoombwa, si moja kwa kila skripti, la sivyo tumerudi kule kule kwa watu wawili wasiojuana. Na kama programu yaendeshwa katika kompyuta 4 zenye laini moja, vibali hivyo 2 vigawanywe: kila kompyuta ipate kimoja kwa kila sekunde 2.

Kungoja nako kuna namna yake. Amri ya C ikilala usingizi hadi kibali kipatikane, programu nzima hulala nayo. Lua ina korutini: skripti husimamishwa pale ilipofika, mwenyeji huendelea na shughuli nyingine, na wakati ukifika skripti huamshwa iendelee kana kwamba haikusimama.

Lakini mlango wa mbele ukilindwa, wa uani usiachwe wazi. Maktaba za Lua ziitwazo os na io zina amri za kuita programu nyingine za kompyuta, na kwa njia hiyo skripti yaweza kutuma maombi bila kupitia ndoo. Maktaba ya package nayo yaweza kupakia msimbo wa C kutoka nje. Mwenyeji asizifungue zote. Aache zile amri tu zinazohitajika.

Limebaki suala la kurudia ombi lililoshindikana. Ombi la kusoma bei laweza kurudiwa na «leta» yenyewe, baada ya kungoja kama seva ilivyotaja. Ombi la kutuma malipo ni jambo jingine kabisa: mawasiliano yakikatika kabla ya jibu kufika, huenda seva ilikwisha kulitekeleza, na kulirudia ni kumlipa mkulima yule yule mara mbili. Kwa ombi la namna hiyo amri irudishe nil pamoja na maelezo ya kilichotokea, kama ilivyo desturi ya Lua, na karani aangalie kwanza daftari la malipo kabla ya kutuma tena.