Juu ya nini ekra ya kopi inakuwa na mupaka munene

Kwa wale wanaouza telefone mu muji, neno la siku hizi ni 120. "Hii iko 120, mama, angalia namna inateleza." Neno la pili ni ekra inayojaa mpaka ku kingo. Mutu anafurahi, analipa. Nyuma ya miezi telefone inaanguka, fundi anaweka ekra ingine, na mwenyewe anarudi na maneno: mupaka mweusi wa chini umekuwa munene, na ile kuteleza imepotea. Wengi wanafikiri fundi amewaibia. Pengine ndiyo, pengine hapana. Ili kukata maneno, inafaa kujua ndani ya ule mupaka mweusi kuko nini.

Telefone nyingi za leo ziko na mistari ya kulala 2400 hivi, na nguzo za nukta 1080 za kusimama. Picha haiandikwi yote mara moja. Mustari wa kwanza unafunguliwa, nguzo zote zinaweka umeme wake pale, unafungwa, unaofuata unafunguliwa, hivyo mpaka chini. Ekra ya 60 inarudia ile kazi mara 60 kwa sekunde. Piga hesabu: kila picha inapata milisekunde 16.7, na ukigawanya kwa mistari 2400, kila mustari unabakiwa na mikrosekunde 7 hivi. Ku 120 inabaki 3.5 tu. Mikrosekunde, tukumbushe, ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni.

Nani anafungua ile mistari? Kama kila mustari ungeletewa waya yake toka chini, ingekuwa waya 1200 kushoto na 1200 kuume. Hata kila waya ikichukua mikrometa 5 pamoja na nafasi yake, ni milimeta 6 kila upande. Leo hakuna mutu atanunua telefone ya namna ile. Njo watengenezaji wakaandika ile kazi juu ya kioo chenyewe, pembeni ya picha, kwa transista zinazotengenezwa pamoja na zile za nukta.

Inafanya kazi kama watu wa salongo wanaopitishiana matofali. Wa kwanza anapokea amri, anafungua mustari wake, anamuamsha wa pili. Wa pili anafungua wake, anamuamsha wa tatu, na kumuambia wa kwanza apumzike. Hapo hakuhitajiwi tena waya 2400: ni waya chache za kupiga mudundo, moja ya kuanzisha, na za umeme. Lakini umeona ubaya wake. Mutu mumoja wa katikati akilala, wote wa nyuma yake wanabakia mikono mitupu. Fundi anaijua ile ekra inayoonyesha picha nusu ya juu, na chini mistari ya ovyo. Mara nyingi ufa ulikuwa mudogo sana, ku kona tu. Zamani kona ilikuwa plastiki. Leo kona njo mahali ile kazi inafanyika.

Na ule mulolongo uko na shida zake. Silikoni ya bei ya chini inapitisha umeme polepole, kwa hiyo transista yake lazima iwe pana ili isukume mustari muzima kwa wakati. Pana maana yake mupaka munene. Tena inachoka: transista inayoshikilia mustari ufungwe inakaa kazini karibu wakati wote, na nguvu zake zinahama kidogo kidogo. Wajuzi wanaweka mbili, moja inafanya kazi, ingine inapumzika. Ni akili nzuri, lakini ni nafasi ingine imekuliwa. Ku 120 wanazidisha: wanaamsha mustari mbele ya zamu yake, wakati wenzake wa juu wanaandikwa bado, ili ukifika wakati uwe umejaa umeme. Ama wanasukuma toka pande zote mbili, sababu umeme unaoingia kushoto unafika kuume umechelewa.

Njia ingine ni kubadilisha udongo wenyewe. Silikoni iliyopigwa laser inapitisha umeme mara makumi kuliko ile ya kawaida. Transista inakuwa ndogo, mupaka unakonda. Mu 2004 Hideo Hosono na wenzake, Tokyo, walionyesha transista ya oksidi ya indium, galium na zinki. Hii haina mbio kama ya laser, lakini karibu haivujishe umeme. Nukta inashikilia picha bila kuandikwa tena, na ekra inaweza kushuka mpaka mara 1 kwa sekunde wakati hakuna kinachocheza. Kwa sisi tunaosubiri umeme siku mbili, hii ni ya maana kuliko 120, kwa maana kuandika mara nyingi kunakula bateri.

(Watu wanatuuliza kama ekra ni coltan. Hapana. Tantali inaingia mu kondensata. Mu ekra kuko bati kidogo, pamoja na indium, mu ile ngozi ya kupitisha umeme isiyoonekana.)

Tufike chini, ku kidevu. Pale njo kunakaa chipu ya nguzo. Ku LCD ya bei ya chini imebandikwa juu ya kioo, na kioo hakikunjwi. OLED nyingi za leo zimejengwa juu ya plastiki: ncha inakunjwa nyuma ya picha, chipu inajificha, kama ilivyofanyika mu iPhone X ya 2017. Ekra ya kopi mara nyingi ni LCD mahali orijinali ilikuwa OLED. Kidevu kinene basi si uzembe wa fundi. Kile kitu hakina namna ya kukunjwa. Mbio pia: wengine wanapunguza waya kwa kufanya waya moja ihudumie nguzo mbili ao tatu kwa zamu. Ku 60 inawezekana. Ku 120 zile mikrosekunde 3.5 zikigawanywa tatu, inabaki 1 na kitu, na nukta haijai vizuri.

Uwongo unaanza mahali kopi inauzwa bei ya orijinali. Mbele ya kulipa, fungua picha nyeusi kabisa, funika telefone na mikono, chungulia. OLED inazimika kabisa. LCD inabakia na mwanga wa kijivu ku kingo.