Kodi ya Mwaka Iliyogeuka Butura

Huku kwetu Kamuli, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, hakuna asiyeijua butura. Mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika hutazama mwingine akivuna. Serikali imeipiga marufuku, nami nilipokuwa mwalimu niliikemea miaka mingi. Januari ya mwaka juzi nikaifanya kwa nyumba yangu mwenyewe.

Nina vyumba vitano na fremu moja ya duka kando ya barabara. Msingi niliuchimba mwaka 2012, mwaka ambao Kyerwa ilitengwa na Karagwe, nikamalizia kwa kiinua mgongo. Jumla ilinila shilingi 14,000,000. Chumba ni 25,000 kwa mwezi, fremu 50,000. Ukizidisha unapata 2,100,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nikiwatajia wadogo zangu.

“Shikamoo mwalimu,” mpangaji wa fremu akanijia. “Nikupe 420,000 taslimu, mwaka mzima tumalizane.” Ada ya mjukuu ilikuwa inadaiwa. Nikapokea. Pale pale nilipoteza 180,000, lakini sikuzionea uchungu kwa sababu hazikutoka mfukoni mwangu.

Machi upepo wa mvua ukang’oa bati za upande wa magharibi. Niliamka nikamkuta mpangaji wangu, mwalimu kijana, anatandaza madaftari ya wanafunzi kitandani, wino umeyeyuka. Misumari ilikuwa imeoza kwa kutu. Niliishika, ikavunjika vidoleni kama kijiti. Bati 12 kwa 22,000, mbao na misumari 60,000, fundi 80,000: jumla 404,000, karibu sawa na ile kodi ya fremu niliyokwisha kuitumia. Nikakopa.

Deni ndilo lililonifundisha kufungua daftari. Kulia niliandika kilichoingia kweli, si kinachotakiwa kuingia. Vyumba vitatu vilikaa watu mwaka mzima. Viwili hupangwa na vijana wa wanunuzi wa kahawa, Juni hadi Oktoba; kahawa ikiisha, wanafunga magodoro. Miezi saba vyumba viwili vitupu ni 350,000. Mpangaji mmoja aliondoka na deni la 50,000. Pamoja na ile butura yangu, 2,100,000 za mdomoni zikawa 1,520,000.

Kushoto niliandika matumizi. Paa, 404,000. Rangi ya vyumba viwili, 90,000. Dalali, 50,000. Anayefagia uwanja na choo, 15,000 kila mwezi, yaani 180,000. Pango la fremu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenda TRA, 42,000. Kisha choo, na hapa ndipo wenye nyumba wengi tunajidanganya. Shimo jipya ni 900,000, nalo hudumu kama miaka sita. Mwaka huo sikuchimba, lakini lilikuwa linajaa kila siku, kwa hiyo niliandika 150,000. Jumla 916,000.

Nilibakiwa na 604,000. Gawanya kwa gharama ya ujenzi: kila shilingi 100 niliyozika pale ilinizalia 4 na senti kidogo. Kwa mwendo huo, fedha yangu ingerudi baada ya miaka 23, na sijahesabu riba ya mkopo wala siku zangu za kufuatilia wadaiwa. Sijutii kujenga. Ila mtu anayekata migomba yake ili ajenge vyumba vya kupangisha, namwomba kwanza aandike mkungu unampa nini kwa mwaka na chumba kitampa nini, aweke namba hizo mbili mezani.

Na paa kuharibika si jambo la kushtukiza; hata la ghafla tumeshaliona. Sisi wa Kagera, baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016, tunajua nyumba inaweza kudai fedha zote siku moja. Mimi sasa theluthi ya kila kodi siigusi. Vile vyumba viwili, kahawa ikiisha navishusha hadi 18,000 kuliko vilale vitupu.

Desemba mwenye duka alirudi, noti mkononi, ombi lile lile la mwaka. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha mstari wa zile 180,000 za butura. Alisoma kimya, akahesabu 150,000 za miezi mitatu. Theluthi yake, 50,000, niliipeleka Saccos jioni ile ile, kabla sijapita sokoni.