Bakteria wa utumbo wanavyozifunza kazi seli za kinga

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha New York nchini Marekani walifumbua fumbo lililowasumbua. Panya wa maabara wa ukoo mmoja, walionunuliwa kwa wafugaji wawili tofauti, hawakuwa na kinga inayofanana tumboni. Wa kampuni ya Taconic walikuwa na seli nyingi za kinga zinazoitwa Th17 kwenye utando wa utumbo mwembamba. Wa maabara ya Jackson walikuwa nazo chache mno.

Vinasaba vyao vilikaribia kuwa sawa. Kilichotofautiana ni bakteria waliomo tumboni. Mmoja wao, mrefu kama uzi, hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo bila kuupenya. Panya wasiokuwa naye walipopewa bakteria huyo, seli za Th17 ziliongezeka.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli. Upande mmoja kuna chakula na matrilioni ya bakteria. Upande wa pili kuna seli za kinga na damu. Seli za kinga zinapaswa kupambana na vijidudu hatari, lakini zisikishambulie chakula wala bakteria wasio na madhara. Uwezo huo haukamiliki wenyewe: panya wanaokuzwa bila bakteria yeyote hubaki na kinga changa ya utumbo.

Askari na breki

Seli za Th17 hutoa kemikali za kupeleka ujumbe, zikiwamo interleukini 17 na 22, ambazo huziamuru seli za utando kutengeneza vitu vya kuua vijidudu. Panya wenye bakteria yule mrefu walistahimili vizuri zaidi maambukizi ya utumbo. Lakini askari wakizidi, huleta madhara. Mwaka 2010, utafiti mwingine ulionyesha kwamba bakteria huyohuyo alichochea ugonjwa wa viungo kwa panya wenye kinasaba cha kuwaweka hatarini.

Ndiyo maana mwili unahitaji breki. Mwaka 2011, timu ya mtafiti wa Japani, Kenya Honda, ilieleza kwamba bakteria wa kundi la Clostridia huongeza seli T za kudhibiti katika utumbo mpana. Hizi hutuliza kinga isipitilize. Miaka miwili baadaye, tafiti kadhaa zilitaja njia mojawapo: bakteria wakichachusha nyuzinyuzi za chakula, hutoa butireti, na kemikali hiyo huchangia kuzalisha seli hizo za kutuliza.

Hii ina maana gani kwetu?

Panya si binadamu, na matokeo ya maabara hayageuki kuwa tiba mara moja. Hata hivyo, mambo mawili ni wazi. Nyuzinyuzi zilizomo kwenye maharage, kunde, mboga za majani na ugali wa dona ndizo chakula cha bakteria hawa wa kutuliza. Pili, antibiotiki haziui vijidudu vya ugonjwa peke yake. Huua pia wakaazi wema wa utumbo. Daktari akiziandika, zitumie kama alivyoelekeza. Lakini kuzinunua dukani kwa kila mafua, ambayo husababishwa na virusi, ni kuwafukuza walimu wa kinga yako bila kuyatibu mafua yenyewe.