Niliacha chuo, kisha nikaenda kuzuru mji wa chuo

Ngazi zenyewe zinaitwa Quebra Costas. Binamu yangu alinitafsiria jina hilo tulipofika katikati, mimi nikihema kama matatu kuukuu inayopanda mlima: "Maana yake ni vunja mgongo."

"Na wanafunzi hupanda hapa kila siku?"

"Kila siku. Na vitabu juu."

"Ndio maana mimi niliacha chuo," nikamwambia. Hakucheka.

Acha niseme mapema usije ukadhani nakuficha. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imerundikana, na kusema kweli hata hamu ilikuwa imeisha. Huu ni mwaka wa nne tangu nitoke, lakini mathe bado huwaambia majirani niko chuo. Binamu yangu wa Mombasa, ambaye ndiye mwanga wa ukoo, alipomaliza uzamili wake Coimbra, Ureno, aliniita nikae naye wiki moja. Siku ya safari mathe aliniambia neno moja tu: "Waangalie hao watu, kisha uniambie kama bado hutaki."

Coimbra iko kati ya Lisbon na Porto, juu ya kilima kinachotazama Mto Mondego. Chuo chake kilianzishwa mwaka wa 1290, tena kikaanzia Lisbon. Kilihamishwahamishwa kati ya miji hiyo miwili hadi 1537, kilipotia nanga Coimbra moja kwa moja. Mji wa kale umegawanyika mara mbili: Alta, yaani juu, kwa wasomi, na Baixa, yaani chini, kwa wafanyabiashara. Mwaka wa 2013 UNESCO iliiweka sehemu hiyo ya chuo katika orodha ya Turathi za Dunia.

Ikulu, kengele na gereza

Ukipita lango la Porta Férrea unatokea kwenye uwanja mpana wenye majengo pande tatu. Upande wa nne uko wazi, unauona mto kule chini. Hapo palikuwa ikulu ya wafalme. Chuo kilinunua jumba hilo mwaka wa 1597 kutoka kwa Mfalme Filipe. Binamu yangu akanigusa bega: "Unajua ni mfalme yupi huyo? Ni yuleyule ambaye wakati wake Wareno walianza kujenga Fort Jesus kwetu, 1593."

Niliganda. Mimi nimepiga selfi Fort Jesus zaidi ya mara tano na sikuwahi kujiuliza waliotuma zile meli walikuwa wakiishi wapi.

Juu ya mnara kuna kengele ambayo wanafunzi wameibandika jina Cabra, yaani mbuzi. Zamani ndiyo iliyowaita darasani na kuwakumbusha kurudi nyumbani kusoma. Kwa hivyo ile chuki yetu ya kengele ya asubuhi ina mababu.

Kilichonishika zaidi ni gereza. Chuo kilikuwa na sheria zake na mahabusu yake. Kuanzia karne ya 18 hadi 1834, mwanafunzi mkorofi alifungiwa chini ya maktaba. Unashuka ngazi nyembamba unakuta vyumba vya mawe, dari ya chini, giza. Binamu yangu hapo akageuka mwalimu. Neno letu gereza, alisema, wataalamu wengi hulihusisha na igreja, neno la Kireno la kanisa. Meza, bendera, leso na mvinyo pia yametoka kwao. Yaani nilikuwa nimesimama ndani ya gereza, nchini Ureno, nikisikia neno nililolidhani ni letu tangu Adamu.

Juu ya gereza hilo ndipo ilipo Biblioteca Joanina, maktaba iliyojengwa karne ya 18 kwa amri ya Mfalme João wa Tano. Mbao zimepambwa kwa dhahabu, rafu zimefika karibu na dari, na vitabu ni maelfu kwa maelfu. Walinzi wake wa usiku ni popo. Sikutanii. Popo wadogo wanaishi humo, na usiku hutoka kula wadudu ambao wangetafuna karatasi. Jioni wafanyakazi hufunika meza kwa ngozi, asubuhi wanafagia kinyesi. Watu wameishi na mpango huo miaka na miaka, na hakuna aliyeitisha kikao cha kuwafukuza.

Nyumba zilizobomolewa

Ukitoka kwenye uwanja ule wa kifalme, mambo yanabadilika ghafla. Unakutana na majengo makubwa ya saruji, mistari mikavu, sanamu za mawe. Nilidhani nimekosea njia. Kumbe hapo palikuwa mtaa wa watu. António Salazar, aliyekuwa mwalimu katika chuo hikihiki kabla ya kuwa mtawala wa mabavu, alitaka chuo kikubwa cha kuonyesha nguvu za serikali yake. Katika miaka ya 1940 nyumba za Alta zilianza kubomolewa na familia zikahamishiwa mitaa mingine. Ukiwa mtu wa Nairobi hadithi hiyo huhitaji kuelezwa mara mbili. Tingatinga tunaijua.

Lakini chuo hichohicho kilizaa waliompinga. Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, alianza kusomea udaktari Coimbra kabla ya kuendelea Lisbon, na alifungwa mara kadhaa kwa siasa zake. Tarehe 17 Aprili 1969, Rais Américo Tomás alikuja kufungua jengo la Hisabati. Alberto Martins, kiongozi wa chama cha wanafunzi, alisimama akaomba ruhusa ya kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Alinyimwa. Usiku alikamatwa. Makomredi wakaandamana, wakasusia mitihani, na wengine wakaingizwa jeshini kwa nguvu wakati Ureno ikipigana vita Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Miaka mitano baadaye, Aprili 1974, utawala huo ulianguka.

Tulisimama mbele ya jengo hilo la Hisabati kama dakika kumi. Sisi wa Juni 2024 tunajua ladha ya kuomba kusikizwa na kujibiwa kwa pingu. Na hapo ndipo nilipoacha kuwaonea wivu wenye vyeti. Nilianza kuwauliza maswali: ukishapata kiti ndani ya ikulu, unasimama lini?

Mama aliyeokota vitambaa

Siku ya nne tulisikia kelele karibu na Porta Férrea. Kijana mmoja alikuwa amezungukwa na marafiki waliokuwa wakimrarua nguo. Nilitaka kukimbia kutafuta askari. Binamu yangu akanishika mkono. Inaitwa rasganço. Ukimaliza mtihani wako wa mwisho, marafiki wanakupasulia sare nyeusi ya mwanafunzi hadi ubaki na kola, vikofi vya mikono na lile joho refu la kujifunika. Joho lenyewe haliguswi siku hiyo.

Kijana alikuwa anacheka na kulia. Pembeni alisimama mama mmoja wa makamo, mkoba begani, anaokota vipande vya shati kimoja kimoja na kuvikunja kama leso. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimtazama hadi binamu yangu akaniuliza kama niko sawa.

Jioni tulishuka Baixa. Tuliingia kanisa la Santa Cruz, alikozikwa Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, kisha tukala chanfana, nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu hadi inaachana na mfupa. Baadaye tukasikiliza fado ya Coimbra, ambayo kwa desturi huimbwa na wanaume waliovaa majoho. Mapenzi, mto, kuagana.

Ukibahatika kufika huko, sikia ushauri wa mtu aliyeteleza mara mbili. Vaa viatu vyenye meno, maana mawe ya njiani yamelainishwa na karne za nyayo. Anzia juu ushuke chini, si kama tulivyofanya sisi. Tiketi ya maktaba ina saa yake, ukichelewa imekula kwako. Na tembea katika vichochoro vya Alta utafute zile nyumba zinazoitwa república, ambako wanafunzi wanaishi pamoja, wanapika pamoja na kuchora siasa ukutani. Kwangu hizo zilikuwa tamu kuliko dhahabu ya maktaba.

Usiku wa mwisho nilikaa Quebra Costas nikampigia mathe.

"Umewaangalia?" akauliza.

"Nimewaangalia."

"Haya?"

Nilimwambia ukweli. Kwamba sijui kama nitarudi darasani, lakini nikirudi haitakuwa kwa sababu ya majirani. Nikamwomba aache kuwaambia niko chuo. Akanyamaza, nikadhani laini imekatika.

"Mama, ile barua ya salio la karo bado iko?"

"Iko," akasema. "Nimeiweka ndani ya Biblia. Ukifika tutaisoma pamoja."